Ganda la samaki limelegea? Uliza kwanza lililegea lini

Samaki wa kukaanga kwa rojo la unga akitoka mafutani bila ganda kavu, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kubadilisha unga. Ongeza konflawa, tia yai, zidisha bekingi poda. Mara nyingi unga hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye maji: yalibaki mengi juu ya samaki, au hayakupewa muda wa kutoka ndani ya mafuta, au yalitoka vizuri kisha yakarudi kama mvuke baada ya samaki kuopolewa. Kwa hiyo kabla hujagusa vipimo vyako, jiulize ganda lilianza kulegea wakati gani. Lilitoka karaini likiwa tayari laini? Lilitoka kavu likalegea dakika tano baadaye? Au juu ni kavu lakini chini yake kuna utando wa unga mbichi? Hizo ni hitilafu tatu, na kila moja ina dawa yake.

Tuwe na kipimo kimoja cha kulinganishia. Minofu ya sangara au chewa, unene wa sentimita 2 hivi, gramu 700 hadi 800. Unga wa ngano gramu 150, unga wa mchele gramu 50, bekingi poda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na soda ya maji isiyo na sukari, baridi sana, mililita 240 hadi 260. Mafuta ya alizeti yasizidi nusu ya kina cha karai, yafike nyuzijoto 180. Kama vipimo vyako viko mbali sana na hivi, sehemu ya jibu huenda iko hapo.

Limetoka mafutani likiwa laini, rangi hafifu, ukilibonyeza linachuruzika mafuta

Mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Kipande kikiingia kwenye mafuta ya nyuzi 180, maji ya kwenye rojo huchemka papo hapo na mvuke hutoka kwa nguvu. Yale mapovu unayoyaona ndiyo huo mvuke, na maadamu unasukuma kutoka nje, mafuta hayapati njia ya kuingia. Kwenye mafuta ya nyuzi 150 mvuke ni dhaifu, ganda linachelewa kushika, na rangi haiji, kwa sababu ukahawia wa kukaanga hauanzi mpaka uso wa chakula ukauke na upite kama nyuzi 140.

Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi, na kwa anayekaanga mara kwa mara ni kifaa cha kununua kabla ya sufuria mpya. Kama huna, dondosha tone la rojo. Likizama mpaka chini na kupanda polepole, mafuta bado. Likizama hadi katikati na kuibuka mara moja limezungukwa na mapovu, tia samaki. Likitawanyika juu bila kuzama, moto umezidi, punguza usubiri. Wengi hutumbukiza ncha ya mwiko wa mti na kuangalia mapovu. Inasaidia kujua kuwa mafuta yamepata moto, lakini haikuambii kama yamepita kiasi.

Halafu kuna kosa linalofuata hata pale mafuta yalipoanza vizuri: vipande vingi kwa pamoja. Samaki baridi na rojo la barafu vinashusha joto haraka, na ukijaza karai unaishia kuwachemsha samaki ndani ya mafuta. Kwa karai la kawaida la nyumbani, vipande vitatu, basi. Ongeza moto wa gesi muda mfupi kabla ya kutia, na baada ya kuopoa mkupuo mmoja subiri mafuta yapande tena kabla ya mwingine. Kwenye jiko la mkaa huna kitasa cha kuzungusha, hivyo acha mkaa ushike wote kwanza, fungua mlango wa chini hewa ipite, na uwe na mkaa mwingine ulioshika pembeni wa kuongeza katikati ya kazi. Karai zito la chuma linatunza joto kuliko sufuria nyembamba ya alumini. Ukiwa na vyote viwili nyumbani, usichague sufuria kwa sababu ni rahisi kuosha.

Limetoka kavu, likalegea kabla ya kufika mezani

Hili ndilo linaloumiza, kwa sababu mpishi alifanya kila kitu sawa mpaka dakika ya mwisho. Mshukiwa wa kwanza ni hotpoti. Kwetu chakula cha wageni kinaingia kwenye hotpoti na kufunikwa, na kwa pilau hakuna njia bora. Kwa samaki wa rojo ni hasara tupu. Mnofu wa ndani bado una maji na una moto, mvuke unaendelea kutoka kupitia kwenye ganda, unagonga kifuniko, unageuka matone na kurudi ulikotoka. Dakika kumi ndani ya hotpoti zinatosha kuharibu kazi ya jioni nzima. Sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine inafanya vivyo hivyo.

Mshukiwa wa pili ni gazeti au tishu chini ya samaki. Tishu inanyonya mafuta, ndiyo, lakini upande uliolalia unakaa ndani ya mvuke wake wenyewe. Weka wavu wa waya juu ya trei, hewa ipite chini na juu. Wavu wa oveni unafaa, chujio pana la bati linafaa. Vipande visilaliane.

Kuna jambo moja kuhusu mafuta ambalo wapishi wengi hawalijui: sehemu kubwa ya mafuta haiingii kwenye ganda wakati wa kukaanga, inaingia baada ya kuopoa. Ganda linapoanza kupoa, mvuke uliojaa kwenye vijitundu vyake unageuka maji na kuacha nafasi tupu, na mafuta yaliyobaki juu yanavutwa ndani. Ndiyo maana sekunde za kwanza ni muhimu sana. Inua kipande kwa kijiko cha matundu, kishikilie juu ya karai, kitikise, kiache kichuruzike ndipo ukipeleke kwenye wavu. Ukikibwaga moja kwa moja kwenye sinia, yale mafuta ya juu yote yanaingia.

Kama ulitumia wavu, hukufunika, na bado likalegea, basi uliopoa mapema. Hapa macho yanadanganya, sikiliza karai. Kipande kikiingia, sauti ni ya mngurumo na mapovu ni makubwa yanayogombana. Kadiri maji yanavyopungua, mapovu yanakuwa madogo na kutawanyika, mngurumo unashuka kuwa mlio mwembamba, na kipande kinaelea juu zaidi. Kwa mnofu wa sentimita 2 hiyo ni dakika 4 hadi 5. Wengi huopoa rangi inapopendeza huku karai bado linanguruma, na maji yaliyobaki kwenye ganda yanalilainisha lenyewe, hata bila kifuniko.

Na ni hapa ndipo aina ya unga inapohusika kweli. Ngano tupu inatoa ganda zuri la dakika chache. Unga wa mchele au konflawa ukichukua robo ya unga wote, ganda linakuwa jembamba, linavunjika kwa mlio na kukaa krispi muda mrefu zaidi, kwa kuwa unga huo hauna gluteni, ile protini ya ngano inayofanya unga uvutane. Konflawa ninayoizungumzia ni ule wanga mweupe laini wa kwenye kopo au pakiti. Unga wa sembe ni kitu kingine kabisa, na ukiutia badala yake utapata ganda la chengachenga linalokwaruza meno. Kosa hili ni la kawaida mno kwa anayefuata mapishi yaliyoandikwa ng'ambo na kusoma tu kwamba unatakiwa unga wa mahindi.

Anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja ana mzigo wa ziada: hewa yenyewe ina unyevu, na wakati wa masika ganda linaunywa haraka. Panga kukaanga watu wakiwa wameshakaa. Kama wageni ni wengi na haiwezekani, kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwa nyuzi 165 hadi 170 mpaka ganda lishike na liwe na rangi hafifu, opoa, weka kwenye wavu. Wakati wa kupakua, pandisha mafuta hadi 190 na urudishe kila kipande kwa dakika moja tu. Mkupuo wa pili unafukuza maji yaliyosogea kutoka kwenye mnofu kuja kwenye ganda. Usizidishe muda, samaki ataiva kupita kiasi ndani.

Ganda linavuka na kubaki karaini

Samaki alikuwa na maji juu, na kwa mapishi yetu sababu yake karibu kila mara ni ile ile: ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi vilivyosagwa, samaki amelala humo tangu asubuhi, kisha anatolewa akichuruzika na kuchovywa kwenye rojo. Viungo hivyo ni vitamu na sisemi uviache. Ila rojo haliwezi kushika juu ya majimaji, na ndimu ikikaa saa nyingi inaubadilisha uso wa mnofu ukawa mweupe na mlaini, nao unamenyeka pamoja na ganda.

Mpe samaki viungo kwa dakika 20 hadi 30. Kisha futa makapi yote ya kitunguu saumu na tangawizi, kwa sababu yataungua na kuwa machungu, na mkaushe kwa tishu za jikoni. Rudia mpaka tishu itoke bila kulowa. Halafu mpitishe kwenye unga mkavu, ngano au konflawa, na umkung'ute vizuri. Tabaka hilo jembamba linanyonya unyevu uliobaki na kulipa rojo mahali pa kushika. Ukiacha unga mwingi linakuwa tabaka lenye kujitegemea, nalo litavuka vilevile.

Minofu ya friza inahitaji uangalifu zaidi. Barafu imeshachana nyama kwa ndani, kwa hiyo ikiyeyuka inatoa maji mengi kuliko samaki wa leo, na minofu mingi huwa imevikwa barafu nyembamba kwa nje. Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, juu ya chujio lenye bakuli chini. Usiyeyushe ndani ya maji, wala usimtie mafutani samaki ambaye katikati bado ni barafu: hapo mafuta yatafura na kuruka, na watu huungua vibaya. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike karai kwa mfuniko wa bati. Usimwagie maji kamwe.

Ngozi nayo huchangia. Inajikunja ikipata moto na kulivuta ganda, na kama haikukwaruzwa vizuri ina ute. Kwa rojo, tumia minofu isiyo na ngozi. Changu mzima au tasi mzima ukimtia rojo unampotezea utamu wake. Huyo mkatekate mbavuni, mpake viungo, mpitishe kwenye unga mkavu na umkaange hivyo.

Kama samaki alikuwa mkavu na bado ganda limevuka, angalia mkono wako. Usimwachie kipande kizame chini, kitanata. Kishike ncha, tumbukiza nusu, kipeperushe kidogo ndani ya mafuta mpaka rojo lishike, ndipo uachie. Usikigeuze kabla ya dakika mbili, na usitumie uma.

Kavu juu, unga mbichi chini

Chukua kipande kimoja na ukivunje kwa mikono. Usikate kwa kisu, kisu kinabana tabaka zote pamoja usione kitu. Kipeleke penye mwanga. Nje utaona ukoko mwembamba wa kahawia wenye vijitundu, na mara baada yake inatakiwa uuone mnofu mweupe unaoachana vipande vipande. Kama kati ya hivyo viwili kuna utando wa kijivu unaonata kidoleni, hilo ni rojo ambalo halikuwahi kukauka.

Sasa angalia rangi ya nje. Ikiwa imekoza sana, moto ulikuwa mkali na ganda lilijifunga kabla ndani hakujaiva. Ikiwa rangi ni nzuri na utando uko pande zote, rojo lilikuwa zito. Ikiwa utando uko upande mmoja tu, upande huo wa samaki ulikuwa na maji au ngozi.

Uzito wa rojo upime kwa mgongo wa kijiko: lipake kijiko chote, lichuruzike mfululizo, na ukipitisha kidole alama ibaki kwa muda mfupi. Wanaolizidisha uzito mara nyingi wanatumia rojo lao la viazi karai. Kiazi kimeshachemshwa na ni kikavu, hivyo kinastahimili koti nene. Mnofu mbichi unatoa maji muda wote ukiwa ndani ya mafuta, na koti nene linayafungia humo humo. Tena rojo linaongezeka uzito likikaa, maana unga unaendelea kunywa maji. Kati ya mkupuo na mkupuo, tia kijiko kimoja au viwili vya maji baridi.

Ganda gumu, au limekuwa mkate

Gumu la kuvutana kwa meno linatokana na gluteni: umekoroga sana, au umetumia maji ya vuguvugu, au umeliandaa rojo mapema likakaa. Changanya unga mkavu wakati wowote upendao, lakini maji yatie mafuta yakiwa tayari yana moto. Koroga kwa uma mara chache tu. Madonge madogo hayadhuru kitu. Siku ya joto kali weka bakuli juu ya barafu, kwani baridi inachelewesha gluteni na kuzuia gesi ya soda isitoroke.

Mapishi ya Uingereza hupenda kutaja bia. Katika nyumba nyingi za pwani bia haiingii jikoni, na haina haja ya kuingia. Kazi yake kubwa kwenye rojo ni gesi, na soda ya maji inaitoa hiyo gesi bila neno.

Laini kama mkate, lenye matundu makubwa yaliyojaa mafuta, ni bekingi poda iliyozidi au yai. Kwa gramu 200 za unga kijiko kimoja cha chai kinatosha. Yai zima ningeliacha kabisa kwa samaki. Maziwa pia, kwa sababu yanaleta rangi haraka kabla ganda halijakauka.

Limeungua nje, samaki mbichi ndani

Punguza unene wa kipande kwanza. Zaidi ya sentimita 3, pasua kiwe viwili. Samaki ameiva katikati yake ikifika nyuzi 63, na mnofu unaachana ukiugusa. Kisha angalia ulichotia kwenye rojo: sukari, maziwa na masala ya unga huungua mapema. Viungo vikae kwenye samaki, chini ya rojo. Manjano kidogo kwa ajili ya rangi haina tatizo.

Mafuta ya zamani nayo yanaleta weusi, pamoja na harufu nzito na ganda la kunata. Makombo ya rojo yaopoe kila baada ya mkupuo, yakiachwa yanaungua na kuwapa uchungu wote wanaofuata. Mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa na uyahifadhi gizani. Yakianza kufanya povu lisilotulia, au kufuka moshi kabla ya kufika joto la kukaangia, yatupe, hata kama ni mengi na bei inauma.

Tatizo ni samaki mwenyewe

Jodari hukauka haraka, hafai sana kwa rojo. Mnofu unaosambaratika mkononi kabla hata ya kuchovywa umechoka, mtie kwenye mchuzi. Na ukihisi mdomo na ulimi vinawasha na hukutia pilipili, hasa kwa jodari, nguru au kibua, acha kula. Samaki wa aina hiyo wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, nayo haiondoki kwa kukaangwa. Hakuna rojo litakalomwokoa huyo.

Waliobaki hadi kesho wasirudishwe kwenye maikrowevu, wataloana. Waweke juu ya wavu ndani ya oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10. Bila oveni, karai kavu lisilo na mafuta, moto wa wastani, bila mfuniko, ukigeuza mara moja tu.